Si Kila Sehemu ya Pili ni Makombo

Kuna hukumu moja ambayo wapenzi wa filamu huitoa kabla ya kesi kusikizwa. Pindi wanaposikia kwamba filamu iliyovuma imetengenezewa sehemu ya pili, hutikisa vichwa na kunena kwamba hayo ni makombo. Ya kwanza, wasema, ndiyo karamu yenyewe. Ya pili ni ukoko uliokwanguliwa sufuriani ili matajiri wa filamu waongeze fedha. Hukumu hii imezoeleka hata ikapata uzito wa methali. Mimi naipinga. Nashikilia kwamba sehemu ya pili yaweza kuishinda ya kwanza, wala si kwa bahati nasibu. Yaweza kuishinda kwa kuwa inayo silaha ambayo ya kwanza haiwezi kuwa nayo, hata ikitungwa na bingwa wa mabingwa.

Ni haki, hata hivyo, kuanza kwa kukiri kwamba wanaolalamika hawalalamiki bure. Mchovya asali hachovyi mara moja, na kampuni iliyovuna mamilioni kwa kisa kimoja haiwezi kulala usingizi kabla ya kukirudia. Tazama yaliyoipata filamu ya Jaws. Mwaka wa 1975 mwelekezi Steven Spielberg aliutia ulimwengu hofu ya bahari kwa kisa cha papa anayewala watu katika mji mmoja wa pwani ya Marekani. Papa yule alitisha kwa sababu alionekana kwa nadra, na kwa sababu hakuwa na chuki na mtu; alikuwa na njaa tu. Kufikia mwaka wa 1987 ilitolewa sehemu ya nne, ambamo mtazamaji aliombwa asadiki kwamba papa ameweka kinyongo dhidi ya familia moja, akamfuata mjane wa watu hadi visiwa vya Bahamas ili alipize kisasi. Samaki kuweka kinyongo! Hapo hata shabiki sugu alikuwa na haki ya kudai arudishiwe kiingilio chake.

Kosa la filamu za aina hiyo ni moja. Watengenezaji wake hujiuliza, "Tulifanya nini mara ya kwanza hata watu wakafurahi?" kisha hulifanya tena jambo lilo hilo kwa kishindo kikubwa zaidi: milipuko mingi, damu nyingi, papa mkubwa. Sehemu ya pili iliyo bora huanza kwa swali jingine kabisa: "Yale yaliyotendeka mara ya kwanza yalizaa nini?" Msomaji akiyashika maswali haya mawili, ataweza kuipima karibu kila filamu ya mwendelezo atakayoiona.

Ebu tuitazame kazi inayoikabili filamu ya kwanza. Kila kisa kipya huanza na deni. Mtazamaji ni mgeni aliyebisha hodi, na sharti atembezwe nyumba nzima: huyu ni nani, yule ni nduguye, huku ni wapi, na sheria za mahali hapa ni zipi. Kazi hii hula muda mwingi, na kisa kinapoanza kukolea, mwisho umekwisha karibia. Sehemu ya pili haina deni hilo. Mtazamaji wake si mgeni tena. Ni mtu wa nyumbani anayejua chumba kipi kina nini. Zaidi ya hayo, huja na kumbukumbu, na kumbukumbu hiyo ndiyo silaha niliyoitaja. Neno moja, sura moja, hata kimya, huweza kuamsha moyoni mwake mambo ambayo filamu ya kwanza ilihitaji saa nzima kuyajenga.

Isitoshe, filamu ya kwanza aghalabu huishia kwenye ushindi. Adui ameanguka, harusi imefungwa, na steringi, kama wasemavyo vijana, hafi. Hata hadithi tulizosimuliwa na nyanya zetu ziliishia kwa wahusika kukaa raha mustarehe, na mtoto aliyeuliza habari za siku ya pili aliambiwa akalale. Lakini wahenga walinena kwamba kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Ushindi ni kuzaa. Malezi huanza kesho yake asubuhi, na huko kwenye malezi ndiko tabia ya mtu hudhihirika.

Wala jambo hili halikuanza na sinema. Msomaji wa Biblia anajua kwamba Luka aliandika vitabu viwili, vyote akimwelekezea Theofilo: Injili, kisha Matendo ya Mitume, kinachoeleza walichokifanya wanafunzi baada ya Bwana wao kuondoka. Huko Uhispania, Miguel de Cervantes alitoa kitabu chake cha Don Quixote mwaka wa 1605, akatoa sehemu ya pili mwaka wa 1615. Katika sehemu hiyo, baadhi ya watu anaokutana nao Don Quixote wamekwisha kuisoma ile ya kwanza, nao humchezea shere kwa kuwa wanaijua wazimu yake. Tuliocheka katika kitabu cha kwanza tunajikuta tukitazama wachekaji wenzetu, na wengi wao ni wakatili. Hekima ya namna hiyo haingeweza kuwamo katika kitabu cha kwanza, kwa kuwa bado hapakuwa na kitabu cha kusomwa wala msomaji wa kuchekwa.

Katika sinema, mfano ulio wazi kuliko yote ni wa The Godfather. Filamu ya kwanza, iliyotokana na riwaya ya Mario Puzo ya mwaka wa 1969, ilitoka mwaka wa 1972 chini ya uelekezi wa Francis Ford Coppola, ikatwaa tuzo ya Oscar ya filamu bora. Ni kisa cha Vito Corleone, mzee wa Kiitaliano aliyejenga himaya ya uhalifu mjini New York, na mwanawe Michael, askari aliyerudi kutoka vitani akiwa na nia ya kuishi mbali na biashara ya babake. Mzee anapigwa risasi. Mwana anaingia ili kumwokoa. Na hatimaye yeye ndiye anayerithi kiti. Katika picha ya mwisho mlango unafungwa mbele ya uso wa mkewe, Kay, punde baada ya Michael kumdanganya kwamba hakuhusika na kifo cha mume wa dada yake.

Ni filamu adhimu, nami sina nia ya kuishushia hadhi. Lakini ina kasoro ambayo haikuweza kuepukika. Mtazamaji hutoka akiwa amemwonea Michael fahari. Kijana amewafyeka maadui wote kwa siku moja, amelipiza kisasi cha kakake, ameisimamisha tena nyumba ya babake. Ule mlango unaofungwa wataka kutuonya, lakini ushindi ni mtamu kuliko onyo. Wangapi walitoka ukumbini wakitamani kuwa Kay? Waliotamani kuwa Michael hawakuwa na idadi.

Coppola mwenyewe hakuwa na hamu ya kuirudia kazi hiyo. Alipendekeza mwelekezi Martin Scorsese apewe usukani, na kampuni ikakataa. Alipokubali, alitoa masharti, mojawapo likiwa kwamba filamu iitwe kwa jina lile lile na kuongezewa maneno ya sehemu ya pili. Wakuu wa kampuni walihofia kwamba watu wangedhani ni nusu iliyobaki ya filamu waliyokwisha kuiona. Leo, ambapo tarakimu zimejaa kwenye mabango ya sinema, ni vigumu kuamini kwamba jina kama hilo liliwahi kuleta ubishi.

The Godfather Part II ilitoka Desemba 1974. Coppola alikuwa na visa viwili, akavisuka pamoja kama ukili. Kimoja kinarudi nyuma hadi mwaka wa 1901 katika kisiwa cha Sicily, ambako mtoto Vito anaachwa yatima na mkuu wa wahalifu wa mahali pale, anavuka bahari hadi New York, na kukua kuwa kijana mpole anayeingia katika uhalifu akisema moyoni kwamba anailisha familia yake. Cha pili kinasonga mbele hadi mwaka wa 1958. Michael sasa ni tajiri aishiye kando ya ziwa Tahoe katika jimbo la Nevada, anaipanua himaya hadi Cuba wakati mapinduzi ya Fidel Castro yanabisha mlangoni, na huku nyuma familia inamponyoka. Baba alikusanya, mwana anatawanya. Baba aliua, akasema ni kwa ajili ya nyumba. Mwana anaua kwa sababu iyo hiyo mpaka nyumba inabaki tupu. Visa hivi viwili vikiwekwa sambamba, mtazamaji hahitaji kuhubiriwa.

Tuchukue habari ya Fredo, kakake Michael. Katika filamu ya kwanza ndiye aliyekuwa na babake siku alipopigwa risasi. Bastola ilimponyoka mikononi, akaketi kando ya barabara akilia kama mtoto. Katika filamu ya pili, Fredo huyu mnyonge, aliyechoka kudharauliwa, anawasaidia maadui wa ndugu yake. Michael anangoja kwanza mama yao afe, kisha anatoa amri. Tunamwona Fredo katika mashua ziwani, ndoano majini, akisali Salamu Maria ili samaki wamjie. Filamu haituambii neno lolote kuhusu ile siku ya barabarani, wala haina haja ya kutuambia. Tunaukumbuka sisi wenyewe udhaifu wake, na machozi yake, na mapenzi aliyokuwa nayo kwa babake. Mtu asiyeiona filamu ya kwanza ataona mauaji. Aliyeiona ataona nyumba nzima ikizama pamoja na mtu mmoja.

Michael anawashinda maadui wote kama alivyowashinda mara ya kwanza. Safari hii makofi hayatoki. Coppola ametudai malipo ya yale tuliyopiga mwaka wa 1972. Kisha anaturudisha nyuma hadi Desemba 1941, watoto wote wa Corleone wakiwa mezani, wakimngoja baba yao siku yake ya kuzaliwa. Ilikusudiwa Marlon Brando, aliyekuwa baba katika filamu ya kwanza, aonekane hapo. Siku ya kupiga picha hakufika, na Coppola ikambidi aiandike upya sehemu hiyo. Basi baba anawasili nje ya macho yetu, ndugu wanakimbia kumlaki, na Michael anabaki mezani peke yake. Kukosekana kwa Brando kukaifaa filamu kuliko ambavyo kuwepo kwake kungeifaa.

Filamu hiyo ilipata tuzo 6 za Oscar, ikawa sehemu ya pili ya kwanza kutuzwa kuwa filamu bora ya mwaka. Robert De Niro, aliyeigiza Vito akiwa kijana na kusema karibu maneno yake yote kwa Kiitaliano cha Sicily, alituzwa kwa mhusika yule yule aliyekuwa amemletea Brando tuzo. Ieleweke, hata hivyo, kwamba haikuingiza fedha nyingi kama ya kwanza. Pato na ubora si pacha, na anayetaka kupima filamu kwa mizani ya kiingilio atapotea njia.

Kwa vijana wetu wengi, mfano ulio karibu zaidi ni wa Terminator 2, iliyopendwa sana katika vibanda vya video. Katika filamu ya kwanza ya mwaka wa 1984, roboti mwenye umbo la mtu, aliyeigizwa na Arnold Schwarzenegger, anatumwa kutoka siku zijazo ili amuue mhudumu wa mkahawa, Sarah Connor. Sarah ananusurika, na tunamwacha akiwa mja mzito, akiendesha gari kuelekea mawingu ya tufani, akiijua siku ambayo ulimwengu utaangamia. Sehemu ya pili ilitoka mwaka wa 1991, na wengi hukumbuka tu yule mtu wa chuma anayeyeyuka na kujiunda tena. Lakini mwelekezi James Cameron alikuwa ameuliza swali zito: mtu anayeijua siku ya kiama, na hana anayemsadiki, ataishije? Jibu ni kwamba amefungiwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili, mwanawe analelewa na watu baki, na yeye mwenyewe amekakamaa kama askari.

Kisha, katika ujia wa hospitali hiyo, anamwona roboti mwenye sura ile ile. Sarah anaanguka kwa hofu. Sisi tunajua kwamba safari hii amekuja kumlinda, yeye hajui. Hofu ile haikutengenezwa mwaka wa 1991. Ilitengenezwa miaka 7 kabla, ikahifadhiwa vichwani mwetu, na Cameron akaja kuichukua kama mtu atoaye akiba yake benki. Baadaye Sarah anaivamia nyumba ya mwanasayansi ili amuue mbele ya mkewe na mtoto wake. Aliyewindwa amekuwa mwindaji, huku mashine ikijifunza thamani ya uhai. Filamu ya kwanza, pamoja na utamu wake wote, haikuwa na nafasi ya kufika huko.

Asidhani mtu kwamba siri hii ni ya Wamarekani wenye fedha. Mwelekezi wa Kihindi, Satyajit Ray, alitoa Pather Panchali mwaka wa 1955, kisa cha mtoto Apu na dada yake Durga katika kijiji maskini cha Bengal. Mwaka wa 1956 alitoa mwendelezo wake, Aparajito, ambao mwaka wa 1957 ulipata Simba wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Venice. Katika ya kwanza, treni ni ajabu ambayo watoto wanaikimbilia kupitia nyasi ndefu. Katika ya pili Apu amekua, amepata msaada wa masomo na kwenda Calcutta. Sasa treni ni kitu kinachomchukua mwana, na ambacho mama hukitazama kwa mbali akitumaini kwamba kitamrudisha. Sisi tulioiona ya kwanza tunajua kwamba mama huyu alikwisha kumpoteza bintiye. Anauficha ugonjwa wake ili asimkatizie mtoto masomo, na mtoto anafika nyumbani akiwa amechelewa. Ni mzazi gani wa Kenya aliyempeleka mwana mjini kusoma atakayehitaji mkalimani hapo?

Kuna wanaosema kwamba sehemu ya pili haiwezi kuishinda ya kwanza kwa kuwa imesimama mabegani mwake. Hoja hii ina adabu ndani yake, lakini haina nguvu. Mtoto akimpita mzazi kwa kimo, hamvunjii heshima. Wengine husema kwamba kazi inayotegemea kazi nyingine si kazi kamili. Nawajibu kwamba urafiki wa miaka 30 pia hutegemea siku ya kwanza ya kufahamiana, na hakuna anayeuona kuwa pungufu kwa sababu hiyo. Ninalolikubali ni kwamba tarakimu haina baraka yake yenyewe. Coppola alirudi kwa familia ya Corleone mara ya tatu mwaka wa 1990. Filamu hiyo ilipendekezwa kwa tuzo 7 za Oscar, haikupata hata moja, na ni wachache wanaoiweka safu moja na zile mbili. Jibu la swali lilikuwa limekwisha kutolewa mwaka wa 1974, Michael alipobaki peke yake.

Sisi Wakenya tumepata kuliona jambo hili nje ya ukumbi wa sinema. Usiku wa kuamkia Desemba 12, 1963, bendera ya Uingereza ilishushwa na ya Kenya ikapandishwa. Lau historia ingekuwa filamu, hapo ndipo taa zingewashwa na watu wakaenda makwao. Kufikia mwanzo wa miaka ya tisini, waliodai mfumo wa vyama vingi waliziita juhudi zao ukombozi wa pili, na Desemba 1991 kifungu cha 2A kilichoifanya KANU kuwa chama cha pekee kikaondolewa katika katiba. Tulitafakari jina hilo. Aliyelitamka hakuwadharau wapiganaji wa kwanza. Aliuliza tu yale tuliyoyashangilia mwaka wa 1963 yalizaa nini, na kukataa kuamini kwamba kisa huisha makofi yanapoisha.

Kwa sababu hiyo nawasihi watunzi wetu wa filamu wasiiogope sehemu ya pili. Mwaka wa 2012 mwelekezi David Gitonga, maarufu kwa jina la Tosh, alitupa Nairobi Half Life, ambayo ilikuwa filamu ya kwanza ya Kenya kuwasilishwa kuwania tuzo ya Oscar ya filamu za lugha za kigeni. Mwas, kijana wa mashambani, anakuja Nairobi kutafuta uigizaji, anaangukia genge la wezi, na tunamwacha jukwaani akiigiza, wenzake wakiwa wamekufa. Tulipiga makofi, na tulikuwa na haki. Lakini mimi natamani kujua Mwas aliamka akiwa nani asubuhi iliyofuata: alimtazamaje mama yake, aliwaza nini alipopita mtaa ule, na je, sanaa iliweza kumwosha mikono? Kisa hicho hakihitaji magari ya kulipuliwa. Kinahitaji ujasiri wa kuuliza.

Na sisi watazamaji tuna wajibu wetu. Tukiidai sehemu ya pili itupe tena raha ile ile ya kwanza, tutapewa papa mwenye kinyongo, nasi tutakuwa tumejitakia. Tuiulize badala yake inajua nini ambacho ya kwanza haikukijua. Ikiwa haina la kujibu, tuiache. Ikiwa inalo, basi tuipe kiti cha mbele bila kuona haya, hata kama mkubwa wake atalazimika kusogea.